Kitwana kakonda

Scola, wamerudisha posa ya kaka Kitwana! Leo, mchana kweupe!

Si unajua daktari alimwambia sukari itamuua? Miezi mitano ndani ya lori anakula matango na mayai ya kuchemsha, chipsi hagusi. Kapungua kilo kumi na nne.

Sasa mama wa mchumba wake anamtazama, anasema, "Dereva wa masafa marefu akikonda hivi, sote tunajua ana nini."

Sote tunajua! Mbele ya wazee!

Kitwana katoa cheti, kapima, hana virusi. Mama kajibu, "Vyeti vinanunuliwa."

Sasa hivi kanipigia yuko Vigwaza. Namsikia anaagiza chipsi mayai, sahani mbili.

"Mdogo wangu Naila, acha ninenepe, labda wataniita tena."

"Na sukari?"

"Sukari haionekani usoni."