Kona ya Kushoto ya Sayari

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimewasha kompyuta. Mara ya kwanza tangu mazishi. Kiti cha kaka sijakigusa. Kimeelekea dirishani vilevile alivyokiacha siku alipoinuka kwenda hospitali, akasema anarudi sasa hivi. Kaka na sasa hivi zake!

Picha ya sayari yetu ikafunguka polepole. Majua mawili — moja kubwa la rangi ya kutu, jingine dogo, jeupe. Hayo ni yangu. Anga yote ni yangu. Ardhi ni ya kaka. Ndivyo tulivyogawana kazi tangu tulipoingia chumba hiki: mimi juu, yeye chini. Wenzetu walimwita Bwana Mawe, maana kwa mawe hakuwa na mpinzani. Kila jiwe na vivuli viwili, kimoja kwa kila jua. Niliwahi kumwambia hakuna atakayekwenda kuvihesabu. Akasema yeye atavihesabu.

Bonde liko tayari karibu lote. Kona ya kushoto tu, huku chini. Tupu. Nyeupe pe. Nikaitazama mpaka macho yakauma, nikazima.

Jumatano, 5 Machi

Mteja kapiga simu. Ni mchapishaji wa vitabu vya watoto, na sayari yetu ndiyo jalada. Kanipa pole ya kweli, halafu kauliza kama Jumatatu itawezekana. Nimesema itawezekana. Sijui kwa nini mdomo wangu hutangulia.

Mama kaniletea chai. Zamani hakuwa akiingia humu — alisema tunachora jehanamu ilhali dunia nzuri ipo, tunaiona. Leo kasimama nyuma yangu muda mrefu. Kaiona na ile kona nyeupe. Kaomba tu, nikimaliza, nimchapishie kubwa aitundike sebuleni. Nimemwambia sawa, Mama. Chai imepoa mezani, sikuinywa.

Alhamisi, 6 Machi

Nimejaribu mawe. Aibu! Yangu yamekaa kama viazi vilivyomwagika sokoni. Kaka angecheka mpaka ashike mbavu. Nimefuta. Nimechora. Nimefuta.

Tulilala chumba kimoja, tukala sahani moja, nikadhani namjua ndani nje. Kumbe hata jiwe lake moja siliwezi. Nimelia juu ya kibao cha kuchorea mpaka kalamu ikawa inateleza. Nimekifuta kwa upindo wa kanga.

Jumamosi, 8 Machi

Fundi wetu wa kompyuta kapita kunijulia hali. Alikuwa rafiki wa kaka, na yeye hajui aweke wapi mikono siku hizi. Nikamwonyesha kona. Akasema programu yenyewe inaweza kuijaza: unazungushia pengo mstari, inasoma yaliyo pembeni, inaendeleza. Nikamwambia sitaki.

"Dada, itatoa kwenye mawe yake," akasema. "Haitaleta ya mtu mwingine."

Alipoondoka nilikaa. Kisha nikajaribu — kuona tu! Nikazungusha mstari. Nikabonyeza.

Mawe yakatokea. Ya kaka! Mikwaruzo yake, kingo zake zilizomeguka, vivuli viwiliviwili. Nikashika mdomo. Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilifurahi kama mtu aliyesikia hatua anazozijua barazani. Sikuyafuta.

Jumatatu, 10 Machi

Nimetuma. Mbio mbio, mteja kashapiga mara mbili asubuhi. Anataka matabaka yote, yaliyolaliana kama karatasi, yaunganishwe yawe moja: anga yangu, ardhi ya kaka, kona ya mashine. Tulikuwa na sheria, kaka na mimi. Hakuna kuunganisha mpaka sote tumekaa tukaangalia, na iliyounganishwa ipewe jina jipya, ile yenye matabaka ibaki. Leo sikuwa na wa kukaa naye. Nikaunganisha, nikahifadhi, nikatuma, nikaenda kuoga.

Niko na sabuni usoni ndipo nikaelewa. Jina lilelile! Nimehifadhi juu ya ile ya kwanza, nimeifuta. Tabaka la kaka halipo tena peke yake.

Fundi kaja, katafuta kila mahali, mpaka kwenye pipa la taka la kompyuta. Akakohoa. Akasema pole, dada. Nimemwandikia mteja: ile picha ya awali tuliyomtumia Januari, bado anayo? Hajajibu.

Jumanne, 11 Machi

Nimeikuza picha mpaka jiwe moja likajaa skrini. Natafuta mpaka — hapa kaka, hapa mashine. Sioni. Nakumbuka alikuwa ameishia kwenye mwamba uliopasuka. Sasa miamba iliyopasuka iko kila upande! Mashine iliupenda, ikaurudia.

Mimi! Niliyekaa naye chumba kimoja miaka yote hii. Jiwe lake la mwisho silijui. Nimemzika mara ya pili, na safari hii hata kaburi silijui.

Mama kauliza mbona sili. Nimemwambia tumbo.

Alhamisi, 13 Machi

Mteja kajibu. Anacho kipande cha katikati tu, pembeni alipakata. Kona haimo.

Ijumaa, 14 Machi

Picha ya Mama imeletwa, karibu saizi ya mlango. Mjomba kaitundika, kaishusha, kaitundika tena, Mama akisema imelala upande. Shangazi yupo. Majirani wamo, viatu vimejaa mlangoni. Wote wanasifu majua, wananipa hongera, na mimi naitikia kama niliyepewa mtoto.

Mama kavaa miwani. Kaisogelea picha mpaka pua inakaribia kugusa.

"Najua umemmalizia, mwanangu," akasema. "Umefanya vizuri. Sasa nionyeshe alipoishia yeye. Nataka niweke mkono hapo."

Nikasema nafuata kitambaa, nifute vumbi kwanza. Vumbi gani, picha imetoka dukani leo hii!

Niko chumbani. Naandika nimesimama. Kitambaa ninacho. Naweza kuonyesha popote, hakuna atakayejua. Ataweka kiganja chake hapo, leo na kesho na kila akipita na ufagio, na mimi nitakuwa namtazama.

Shangazi kasema yeye anadhani ni hapo chini, penye mwamba. Mama kamkatalia. Namsikia vizuri, mlango uko wazi. Anawaambia wasiguse kwanza, wangoje, binti yake anakuja. Yeye ndiye aliyekuwa naye kila siku, anasema. Yeye anajua.

Wananiita.