Nimewalisha Mbuzi Maua ya Harusi Yangu

Mpendwa mshauri Mama Apolonia, naomba msaada, ingawa mimi si mtu wa kuomba msaada ovyo, ulizia kijiwe chochote cha bodaboda hapa Bariadi watakwambia nani anafika Maswa bila kuzimikiwa na nani anabaki anasukuma. Shule niliishia kidato cha pili, si kwa ujinga, walimu walichoka kunijibu.

Nina mchumba, Minza, fundi cherehani, mzuri kiasi kwamba wenzangu bado wanauliza alinipendea nini, na harusi yetu ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu wa saba. Sasa wiki iliyopita nimempelekea samaki chumbani kwake, nasukuma mlango, nyuma ya mlango naona masuke ya mtama, nyasi, matawi ya pamba na majani fulani ya kijivu nisiyoyajua, yote yamening'inizwa kichwa chini, katikati yamezungushiwa kitambaa cha bluu, nikakitazama vizuri nikaona hilo ni shati langu, lile lililopotea kwenye kamba mwezi wa tano, nililovaa siku ya kwanza nilipompakia. Nikamuuliza hiki ni nini, akacheka, akasema nitaona siku ya harusi. Wewe mshauri, mtu akukatie shati kimya kimya, alifunge kwenye majani makavu, halafu akwambie utaona, utalala?

Nikaenda kwa shangazi yangu Ndaki, ambaye ndiye amenilea, na mambo ya mitishamba hafundishwi. Hakuniacha nimalize. Akasema, "Mimea kichwa chini na nguo yako juu yake, mwanangu hiyo ni bugota. Unafungwa usisikie tena la ndugu zako." Bugota kwetu ni dawa, na si ya kikohozi. Basi kesho yake Minza yuko kwenye cherehani, ufunguo huwa anauweka chini ya ndoo, shangazi akasimama njiani kunilindia, nikaingia nikachukua fungu lote, akasema lisichomwe maana moshi wake utanipata, nikalitupa kwenye zizi la mbuzi wake, na mbuzi wakala lote, mpaka kitambaa. Siku mbili nimekaa nawachungulia kama kuna atakayeanza kumfuata Minza. Hakuna. Wanamfuata mwenye pumba kama zamani.

Siku ya tatu Gloria, rafiki yake Minza, akanisimamisha kama anataka usafiri, akanieleza kwamba yale yalikuwa maua ya mkononi ya bibi harusi, Minza ameyakausha mwenyewe kwa sababu hataki kamati ihangaike na maua ghali ya dukani, na shati langu lilikuwa la kufungia mashina. Nikamwambia mbona siri. Akasimamisha bodaboda nyingine, akapanda. Na mimi mpaka leo sijui kama anasema kweli au ametumwa, maana yale majani ya kijivu hakuyataja.

Minza sasa anamshuku shangazi, kwa vile majirani walimwona siku ile. Amesema, "Aliyechukua maua yangu haitakii heri ndoa hii. Asipojulikana, sivai shela." Shangazi ananiambia ninyamaze. Mimi nafikiria ninunue ya plastiki, nimpe, mambo yaishe. Nishauri, ila usinikaripie sana, nina jina mjini, na jina lenyewe ulifiche, andika tu Mkali wa Kona, Bariadi.

Mama Apolonia anajibu

Mkali wa Kona, pole. Nakupa pole moja tu, ishike vizuri.

Umelelewa na shangazi anayeogopa dawa, ukaona shati lako limefungwa kwenye majani, moyo kushtuka nakuelewa. Na Minza naye angekudokeza. Shati la mtu haliondoki kwenye kamba bila kuaga. Hilo mtamalizana. Lakini unamshuku Minza, unamshuku Gloria, umeshuku hadi mbuzi, na katika habari yote hii aliyeingia chumba cha mtu kwa ufunguo wa chini ya ndoo ni mmoja. Huyo hujamshuku.

Maua ya kukausha hutundikwa kichwa chini ili mashina yakauke yakiwa yamenyooka. Hakuna zaidi. Majani ya kijivu nadhani alipenda rangi yake, muulize.

Plastiki usinunue. Ukimpelekea hayo utakuwa umemdanganya mara ya pili, na shangazi yako atabaki mchawi mbele ya mkeo maisha yake yote, mwanamke aliyekulea. Nenda kwa Minza, mwambie ni wewe, kwa maneno machache, bila sifa. Shangazi mfuate kwa adabu, aje naye aseme alichokwambia. Akikataa nenda peke yako, na kosa lake usilitangulize mbele ya lako.

Kisha ingia shambani na kisu. Pamba mwezi huu imeshapasuka, kata matawi yenye vitumba, hayo hayana kusubiri. Masuke na nyasi funga mafungu membamba, tundika kivulini penye hewa, wiki mbili zinatosha, na harusi bado wiki tatu. Yatundike kwako, nyuma ya mlango wako, kila mgeni ayaone, na akiuliza umjibu. Kitambaa mwombe Minza akikate mwenyewe, kwenye shati utakalokuwa umevaa siku ya kumwambia ukweli.

Jina lako nimelificha kama ulivyotaka. La Minza hukusema nilifiche, wala la Gloria, wala la shangazi. Gazeti hili linafika Bariadi na basi la mchana, na Gloria anajua kusoma. Washa pikipiki.