Sekunde Ishirini Zilizo Juu

Mdogo wangu uliye mbali,

Mama anasema ule, usije ukarudi umebaki mifupa. Mume wangu ana plasta mikono yote miwili. Kwenye simu nilikwambia shemeji yako aliteleza. Nilikudanganya.

Unaikumbuka setilaiti ndogo ya chama chetu cha redio? Wenzetu walitaka ibebe kamera. Mimi nikang'ang'ania ibebe kitu chenye faida: ihifadhi sekunde ishirini za sauti ya mwanachama na kuzirudia kila ipitapo, mpaka mwingine atume yake. Njia nyingine ya kufuta hatukuweka.

Siku ile shemeji yako alikuwa ndiyo kwanza amebonyeza kitufe cha kutuma, wanaume watatu wakaingia karakanani na nondo. Walivunja mitambo yote ya chama, kisha yeye. Kisa, kiwanja alichotuachia baba.

Kaka mkubwa alikuja hospitali na machungwa, akaapa alikuwa safarini.

Jana nilifungua kiredio changu kinachopokea tu. Nikasikia nondo zikitua, mfupa ukikatika kama ukuni mkavu, mume wangu akilia, na mtu akifoka, "Mikono! Vunjeni mikono!" Sauti ile ndiyo iliyokuwa ikituita tuje kula tulipokuwa wadogo.

Nilimwambia mama tu kwamba setilaiti ilinasa kitu, na mama hana siri kwa mwanawe wa kwanza. Leo asubuhi kaka kanijia, mpole kama maji mtungini: "Si redio ya mdogo wetu ndiyo pekee iliyobaki inayoweza kutuma? Mwambie atume hata salamu."

Salamu usitume. Sikiliza kwanza.

Dada yako