Jekundu, la Kijani na Taa ya Kulia

Kaka Luhende,

Kwa unyenyekevu mkubwa naitangazia familia yote, kuanzia Nkololo hadi Bariadi mjini, kwamba mimi mdogo wenu sasa navaa kofia ya sufu. Ina kishada juu, kama ya mtoto wa chekechea. Msicheke. Huku Uingereza magari ya mzee wangu hayana paa, na kipara changu mnakijua.

Mhola, hamjambo lakini? Mgongo wako unaendeleaje na hilo lori la pamba? Mayu, mama yetu, bado anagombana na mbuzi wa jirani? Mimi ni mzima, ila baridi, na aibu kidogo ambayo nitaifikia nikishindwa kuizunguka.

Uliniomba nikueleze vizuri yale magari mawili ya Mzee Artha, bwana ninayemtunzia nyumba na bustani. Yote ni ya Kiingereza, ya viti viwili, yana umri kama wangu na asubuhi yanakohoa kama mimi. Mzee alitaka kuuza moja abaki na moja, maana tangu afiwe na mkewe, kuendesha ndiyo starehe iliyombakia. Akaniomba tuyajaribu nimpe maoni. Mimi, niliyejifunza kwenye lori lako lisilo na gia ya tatu!

Jekundu ni jepesi. Kona unaifikiria tu, limeshageuka, kama yule maksai wetu aliyejua mwisho wa tuta kabla hajaambiwa. Mlimani ndipo linaishiwa pumzi, unashusha gia mpaka unalionea huruma. La kijani lina injini kubwa. Likichanganya, unabandikwa kwenye kiti. Ila usukani wake ni mzito, na kwenye kona pua inataka kwenda moja kwa moja mpaka ulibembeleze. Mimi nilipenda jekundu. Mzee alipenda la kijani, lililokuwa la mkewe, na tulibishana hivyo kila tukinywa chai.

Kwenye simu nilikwambia la kijani liliingia mtaroni kwa breki mbovu. Najua umeshawasimulia madereva wenzako.

Msalimie shemeji, na mjomba anayechunga kule Lingeka. Mayu mwambie kofia ina joto kweli.

Nilitaka kuishia hapo. Imeshindikana, kaka.

Breki zilikuwa nzima. Tulikuwa kwenye barabara ya mashambani, mimi mbele na jekundu, mzee nyuma na la kijani. Nikaona trekta linakuja. Nikapunguza mwendo, nikafanya kama ulivyonifundisha na kama wafanyavyo madereva wote wa malori pale Nyashimo: nikawasha taa ya kulia, kumwambia wa nyuma asipite, mbele kuna kitu. Huku taa ya kulia haina maana hiyo. Huku maana yake unakata kulia, basi. Na upande wa kulia palikuwa na njia ya kuingia shambani. Mzee akajua nakata, akanipita taratibu kwa kushoto. Mimi nikasogea kushoto kulipisha trekta, nikamsukumia mtaroni.

Alitoka bila jeraha, tope hadi magotini. Akaniuliza kwa upole, "Uliwasha taa ya kulia, au niliona vibaya?"

Nikamjibu, "Sikuwasha kitu, mzee."

Kosa la taa lingesameheka; ni ugeni tu. Hilo jibu ndilo linaloninyima usingizi. Tangu siku ile hajashika usukani. Anasema macho yamemdanganya, ipo siku ataua mtu. Sasa anauza yote mawili, na mnunuzi anakuja kesho mchana. Juzi alinishukuru kwa kumvumilia mzee kipofu. Nami, kaka, nikaitikia, nikamalizia chai yake.

Kesho asubuhi nitamgongea kabla hajatoka chumbani. Kiingereza cha kukiri nimekifanyia mazoezi tangu jana, na bado kinanikwama. Kwa Kiswahili ni rahisi, ngoja nianze kwako: Niliwasha, mzee. Macho yako mazima.

Mdogo wako,
Masanja