Triga Laini ya Bořek

Zdena shoga uko? Nina hasira mpaka basi.

Si unamjua mume wangu Bořek, mikono yake haitulii. Juzi kaifungua bastola yangu ya mashindano ya shabaha, kasugua vyuma vya triga, kabadilisha springi. "Mke wangu, sasa ukiigusa tu inaitika." Hajaniuliza!

Leo mjini Brno, kabla ya kuanza, refa akapima kama kawaida. Bastola tupu, triga inaning'inizwa jiwe la kilo mbili na robo. Ikilibeba, uko salama kwenye kundi letu la bastola za kawaida. Ikifyatuka, huna lako.

TA!

Mara ya pili, TA! Ya tatu refa hata usoni hakuniangalia. "Dada, unahamia kundi huria."

HURIA, Zdena! Na wale wenye bastola za darubini, bei ya gari!

Namgeukia Bořek, unajua kasema nini? "Kwani wewe hukuipima nyumbani?" Mimi!! Na bastola yake ya kushindania hajaigusa hata skrubu!

Basi nikapiga kwa hasira tu. Sijawahi kulenga vile maisha yangu yote. Kwa alama zile, kule kwetu ningekuwa wa kwanza. WA KWANZA! Huku huria nimekuwa wa kumi na tisa kati ya ishirini.

Kombe la kwetu kachukua nani? Bořek.

Sasa anaendesha, kombe kanipakatisha mimi. Ananiuliza, "Lakini triga ni tamu, eeh?"

Ni tamu, shoga. Hilo ndilo linaloniua.