Gitaa Inayoitwa Kambere

Jumatatu, 2 Juni 2025, Butembo

Ukungu umekaa kilimani asubuhi nzima. Nimepaka vanishi gitaa ya Séphora, mwalimu wa kwaya kule Mavivi. Umbo lake nililiota: mtoto amelala ubavu, magoti ameyakunja. Nilipoamka nililichora moja kwa moja kwenye ubao wa mti wa libuyu, kabla ya chai. Hakuna aliyenifundisha. Hata leo nikipitisha msasa pale kiunoni nasinzia kidogo, naelea. Raha tupu.

Jumatano, 4 Juni

Muyisa wangu, anayenisaidia karakanani, karudi kutoka Beni na habari. Phinées anauza gitaa za umbo lile lile — na amenishtaki kwa kamati ya mafundi, eti mwizi ni mimi. Phinées! Huyo huyo aliyekaa kwenye benchi langu mwaka jana, akinywa chai yangu na kutazama. Kamati ikimpa haki, sitakata umbo hili tena. Nimekasirika mpaka msumeno umekwenda upande.

Jumamosi, 7 Juni

Sasa nimeelewa ujanja wake. Ni jina. Gitaa yangu nimeiandika Kambere, pale kichwani, kwa rangi nyeupe. Kambere ni mtoto wa pili wa kiume, kila Munande, mtu wa kabila letu, anajua. Gitaa ya kwanza ya umbo hili ilipasuka, ubao ulikuwa mbichi, nikaifanya kuni za kupikia maharagwe. Lakini kwetu aliyekufa anahesabiwa. Iliyofuata ingeitwaje basi? Sikufikiri mara mbili. Phinées naye kaandika yake Mumbere, jina la mtoto wa kwanza. Anatangaza sokoni kwamba kaka ni yake, na mdogo ameigwa tu. Muyisa anashauri nibadili jina. Nibadili? Mtoto akishaitwa ameitwa.

Jumanne, 10 Juni

Nimeota ile iliyopasuka. Inajipiga yenyewe, chini ya maji, mimi nacheka. Nimeamka na hamu ya kulia. Nimelia. Basi.

Ijumaa, 13 Juni, Beni

Naandika hapa hapa kikaoni, daftari kwenye goti. Gitaa mbili ziko mezani, zinafanana kabisa — na nikisema kweli, zote mbili nazipenda. Aibu gani hii.

Phinées ameongea vizuri, akiniita yaya, dada mkubwa. "Yaya Kavugho, miye nakuheshimia. Mais Kambere iko na kaka, na kaka ni ya miye. Weye mwenyewe uliandika."

Mafundi wameitikia kwa vichwa. Mmoja nyuma yangu ananong'ona kwamba mambo yamekwisha. Mimi sina cha kuonyesha. Ya kwanza ni majivu. Naogopa.

Mama Berthe, fundi wa vitanda, ndiye anayeongoza kamati. Sasa ameuliza polepole, kama anayeuliza bei ya vitunguu:

"Phinées, baba. Mumbere na Kambere, batu banabaitaka vile kama banatoka mu tumbo moja. Hapana?"

"Njo vile, mama."

"Na huyu Kambere, hapa, nani alimuzala?"

Phinées ameniangalia kidogo. "Yaya Kavugho."

"Bon. Donc Mumbere, mama yake ni nani?"

Yule wa nyuma yangu sasa ananong'ona kwamba kumbe mama ni mmoja. Phinées ameshika kofia yake, anaigeuza, anaigeuza tena. Mama Berthe hana haraka, anamngoja.