Hapa Hatulii

Jumatano, 4 Septemba 2024

Baba amekufa leo asubuhi. Kiharusi. Alikuwa anakunywa chai kibarazani, kikombe kikamponyoka, na yeye akakifuata. Naandika "amekufa" makusudi, maana neno hilo limeshapigwa marufuku nyumba hii.

Ngumbao, kaka yangu, shemasi mkubwa, alimpigia simu mchungaji kabla ya daktari. Mchungaji Dishon akaja mbio na suti yake ya buluu, akasimama juu ya Baba, akatangaza kwamba mzee hajafa, amehama. Amepandishwa cheo. Cheo! Miaka yote ile Baba aliyofanya kazi bandarini hakupandishwa cheo hata mara moja. Kumbe ilibidi afe kwanza.

Mama alikuwa ameshafungua mdomo alie. Sauti ilikuwa njiani. Gladys, mke wa Ngumbao, akamziba kwa kiganja, taratibu, kama anambembeleza mtoto. Ati kulia ni kumvuta Baba nyuma. Ni kumwambia Mungu mbingu yake ni uongo. "Hapa hatulii, mama." Mama akameza. Nilimwona anameza.

Alhamisi, 5 Septemba

Hema limefungwa uwanjani. Jeupe, lina riboni za dhahabu. Waya wa spika wameupitisha dirishani kwangu hadi soketi iliyo kando ya kitanda changu. Nani kaniuliza? Hakuna. Chumba cha Mweri ni cha wote, Mweri hana mume.

Mpiga kinanda wao ana wimbo mmoja, anaurudia kwa kasi tofauti. Kila mtu na fulana nyeupe yenye picha ya Baba anacheka. Mama amepewa gauni jeupe la lesi. Bibi harusi mwenye mvi!

Nilimwambia Ngumbao, Yesu mwenyewe alilia kaburini kwa Lazaro, au mmeurarua ukurasa huo? Akafikiri. Akasema Lazaro alikuwa bado hajabatizwa. Na huyu ndiye anayefundisha watoto Jumapili.

Jumapili, 8 Septemba

Kanisani. Mama kawekwa kiti cha mbele, na Gladys ubavuni kumkumbusha kutabasamu. Dishon alituelezea makao mapya ya Baba chumba kwa chumba, kama dalali anayetafuta mpangaji. Sakafu dhahabu, lango lulu. Na Baba yuko kwaya! Baba yetu, aliyekuwa akiimba bafuni mbwa wa jirani wanaanza kubweka. Watu haleluya, haleluya. Hakuna hata mmoja aliyemjua vizuri kiasi cha kucheka.

Kila akiishiwa maneno Dishon anapiga kelele, "Mtaonana!" Na kanisa zima, "Mtaonana!" Mama naye akaitikia. Hapo ndipo uso wake ulipolegea kidogo. Katika makelele yote haya ya siku zote hizi, hilo moja tu ndilo alilolishika: ataonana naye. Kwa ajili ya hilo anameza.

Mimi sijui Baba yuko wapi. Ninachojua, yuko mochari, na mochari kuna baridi, na Baba alikuwa hapendi hata feni. Nikifika hapo naacha kuwaza.

Jumatatu, 9 Septemba

Mama hali. Uji umeganda bakulini. Usiku analala ukingoni kabisa mwa kitanda, upande wa Baba haugusi. Macho makavu, mikono inakunja leso na kuikunjua.

Gladys anasema hiyo ndiyo amani ipitayo akili. Akili ya Gladys kuipita si kazi.

Jumatano, 11 Septemba

Leo nimecheka! Mungu anisamehe, kama bado anasikiliza na kinanda hiki.

Shangazi Kadzo, dada yake Baba, kafika kutoka Kaloleni na wanawake wanne. Wao wanajua namna moja tu ya kuingia kwenye msiba: unaanza kulia tangu barabarani, mikono kichwani, ili waliomo ndani wajue umekuja na watoke mkutane. Basi nikawasikia wanakuja, sauti ya Shangazi mbele, inamwita kaka yake kwa jina. Nywele zikanisimama. Sauti ya kwanza ya kweli tangu Jumatano ile.

Wakafika langoni. Wakaona riboni. Wakaona wasichana wa Gladys wa kanisani wamevaa nyeupe, wanacheza hatua mbele, hatua nyuma. Kilio kikakatika pale pale. Shangazi akajifuta uso haraka haraka, kwa aibu.

"Tuwieni radhi, wanangu. Tumekosea nyumba. Hapa naona muna harusi."

Gladys akamwambia ni hapa hapa, shangazi, karibu, ila hapa hatulii.

"Hamulii? Kwani kakangu hakufa?"

"Hajafa, shangazi. Amehama."

"Basi niitieni nimwamkue."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Ngumbao akanitazama kama mimi ndiye niliyeua. Lakini nilimwona Mama mlangoni, na pembe ya mdomo wake ikatikisika. Kisha akakumbuka. Akameza.

Wamewapa fulana, wamewakalisha nyuma kabisa, karibu na masufuria. Shangazi kakaa chini kwenye mkeka, fulana imekunjwa mapajani, hakuivaa. Nilipompelekea maji akaninong'oneza, "Mwambie mamako aje akae na mimi. Asipolia huyu atapata maradhi." Nikaenda nikamwambia Mama. Mama akasema hawezi, ataonana naye, mchungaji kasema.

Ijumaa, 13 Septemba

Kesho mazishi. Dishon kaja kumfundisha Mama ushuhuda wake. Ndiyo, kumfundisha! Mjane anafundishwa aseme nini juu ya mumewe aliyelala naye tangu ujana. Aanze na haleluya, amalizie na mtaonana, katikati aseme ana furaha.

Walikuwa sebuleni, mimi napiga pasi nguo za Baba za kuzikiwa. Mama alisikiliza kwa adabu, abee, naam. Kisha akauliza. Aliuliza polepole, naona swali hilo alikuwa amelibeba siku nyingi.

"Mchungaji, nikifika huko, Baba Ngumbao atanijua?"

Dishon akatabasamu. Lo, alivyofurahi kupata swali analolijua! Akasema atakujua, mama, sana, lakini kama dada katika Bwana. Huko hakuna kuoa wala kuolewa. Mambo ya ndoa ni ya mwili, yanabaki hapa. Huko hata kukumbuka huzuni za dunia hakuna, mzee ameshasahau, yuko katika kusifu.

"Dada," akasema Mama.

"Dada, mama. Haleluya!"

"Mimi nimemzalia watoto wanne. Wawili tumewazika pamoja. Hao pia kawasahau?"

Dishon akasema uchungu wa hao ameusahau, ndiyo. Akatazama saa. Akaomba sala fupi, akanywa soda yake, akaenda zake akiwa na hakika amemfariji mtu. Mpumbavu! Wiki nzima amemziba mama yangu kwa neno moja, mtaonana, na leo kamzibua mwenyewe hata hajui. Nilikuwa na pasi ya moto mkononi. Mungu alimnusuru.

Mama alibaki pale pale. Nikakaa karibu naye. Akasema, si kwangu, kwa ukuta:

"Nilidhani amenitangulia. Kumbe ameniacha."

Ningeweza kumwambia Dishon hajui asemalo, lakini angeniuliza, wewe je, wajua? Nikashika mguu wake, ulikuwa baridi.

Jumamosi, 14 Septemba

Naandika upesi. Nimejifungia.

Baba kaletwa asubuhi. Jeneza jeupe, bila shaka. Likawekwa katikati ya hema, kinanda kikaanza. Mama kaitwa kutoa ushuhuda. Alitoka chumbani bila lile gauni! Kavaa dera lake kuukuu na leso kiunoni. Gladys akamkimbilia, Mama akampita. Akashika maiki.

"Baba Ngumbao," akasema. Mara moja tu. Halafu ile sauti aliyoimeza Jumatano aliyokufa Baba ikatoka, yote, na siku zote juu yake. Maiki ikaanguka. Na kule nyuma kwenye masufuria Shangazi Kadzo akasimama, akamwitikia, na wale wanne nyuma yake, wakaja mbele hatua kwa hatua wakimwita Baba kwa jina lake, Gona, Gona wee, watu wakawapisha. Wakaketi chini wote, Mama katikati.

Dishon akanyakua maiki, akakemea roho ya huzuni. Ngumbao akampungia mkono mpiga kinanda: ongeza! Spika zikanguruma, sauti ya mama yangu ikazama mle ndani.

Nikakumbuka waya ule unapita wapi.

Nimechomoa. Nimefunga mlango kwa ufunguo. Plagi iko mapajani mwangu, bado ina joto. Nje hakuna kinanda wala Dishon, sauti yake bila maiki ni ndogo mno, sikujua! Kuna kilio tu. Majirani nao wameanza. Wameanza hata wasichana wa Gladys, nawasikia.

Ngumbao alikuja mara moja akagonga kwa ngumi. Mweri, washa, unatuaibisha, mchungaji anangoja! Nikamwambia mchungaji ahame. Akaondoka.

Karudi. Safari hii hapigi ngumi. Kaegemea, nasikia mlango unalia kwa uzito wake. Hasemi tena habari ya umeme. Anasema tu, "Mweri. Nifungulie." Sauti imemkauka, hata si ya shemasi. Halafu tena, "Mweri, dadangu." Sijui kama ni soketi anayoitaka, au mahali pa kulilia. Plagi naisukuma chini ya mto, ufunguo nautia mlangoni.